Lini Tutue Tanga? Mhadhara Kuhusu Siku ya Kuacha Kupungua



Kijana aliyebandika tangazo kule getini ameandika kwamba nitafundisha namna ya kupunguza mwili. Nimsahihishe mapema, ili anayetaka kuondoka aondoke kabla sijaanza. Namna ya kupunguza mwili mnaijua. Hakuna hata mmoja humu ambaye hajaambiwa apunguze wali, aache soda, asile usiku wa manane na aende sokoni kwa miguu. Mimi nimekuja kuzungumzia siku moja ambayo haibandikwi getini wala haiuzwi kwenye chupa: siku ya kuacha kupungua.

Nimefanya kazi ya lishe kwa miaka 27 kabla ya kustaafu. Walioniuliza "nianze lini?" siwezi kuwahesabu. Walioniuliza "niache lini?" nawakumbuka kwa sura, maana ni wachache mno. Wengine wote waliacha pasipo kuuliza. Mmoja alifiwa, akala vya msibani siku tatu mfululizo, kisha akaona haya kurudi kliniki. Mwingine ilimkuta Idi. Mwingine alichoka tu, Jumanne, saa nne asubuhi, mbele ya sinia la maandazi. Kila mmoja alikuja baadaye na neno lilelile: "Nimeshindwa." Na mimi kwa miaka mingi niliwaambia wajikaze waanze upya. Leo nadhani niliwaonea. Walikuwa wamefika mahali pa kutua, ila hakuna aliyewaonyesha.

Ninyi ni watu wa bandari, mmeona jahazi likiingia. Nahodha hatui tanga baada ya kuligusa gati. Analitua chombo kikiwa bado na mwendo, maji yakiwa bado mengi, na ule mwendo uliobaki ndio unaomfikisha polepole. Sisi wa lishe tumewafundisha watu kutweka tanga, tena kwa kelele nyingi. Kutua tumewaachia wajifunze kwa kuligonga gati.

Nianze na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa nimewahi kuwa mgonjwa wa darasa langu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na kilo 84, na mdogo wangu alikuwa anaolewa mwezi wa Desemba. Nikajiwekea kilo 65. Kwa nini 65? Kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo siku niliyomaliza chuo, nikiwa na miaka 23, sijazaa, nakula mlo mmoja na nusu kwa siku kwa ufukara wa mwanafunzi. Hiyo ndiyo sayansi niliyoitumia, na cheti changu kinaning'inia ukutani. Kufikia Agosti nilikuwa na 71. Presha iliyokuwa ikinisumbua imeshuka, magoti hayaumi, nguo zinapwaya. Nikaendelea. Septemba, 71. Oktoba, 71 na nusu. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Nikawa nakaripia watoto kwa kijiko kilichoanguka. Usiku naota mkate wa kumimina. Siku ya harusi nilikula kama mtu aliyeokolewa baharini, na sikuacha mpaka masika ya mwaka uliofuata. Nilipopanda mizani ilisoma 88.

Sasa pigeni hesabu. Kilo 13 kati ya 84 ni zaidi ya asilimia 15. Mgonjwa wangu yeyote angeniletea matokeo hayo mwezi wa Agosti ningempigia vigelegele. Nilikuwa nimefika, nikapita, kwa sababu nilikuwa natafuta namba na namba hiyo haikuwa na uhusiano wowote na mwili niliokuwa nao.

Suala hili si la watu wachache wa mjini. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Kwa majirani zetu Kenya, utafiti wao wa 2014 ulipata asilimia 33. Wapo kati ya hao waliowahi kujaribu kupungua, na kila aliyejaribu alilazimika kuacha siku moja, kwa kupanga au kwa kuanguka.

Ili tuone kwa nini watu huanguka, nataka tukae kidogo na vijana 36 wa Marekani. Novemba 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikielekea ukingoni, mtaalamu aitwaye Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwakusanya vijana waliokataa kushika silaha kwa sababu ya imani zao, nao wakajitolea kushinda njaa ili dunia ijue namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa wanakufa kwa kukosa chakula. Walilazwa katika vyumba vilivyo chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa chuo. Kwanza walilishwa vizuri, zaidi ya kalori 3,000 kwa siku. Kuanzia Februari 1945, kwa wiki 24, wakapewa kama nusu yake, takriban 1,600: viazi, mkate mweusi, makaroni, mboga za mizizi. Na kila wiki watembee kilomita 35.

Simameni kwenye hiyo namba. Kalori 1,600 ndiyo njaa iliyoandikiwa kitabu cha majuzuu mawili mwaka 1950. Leo kuna karatasi zinazozunguka kwenye simu zenu zinazomwambia mama anayelima na kubeba maji ale 1,200.

Vijana wale walipoteza robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalishuka. Walisikia baridi mwezi wa Julai, wakati kule ni kiangazi. Wakaacha mizaha, wakaacha hamu ya wasichana, wakaanza kusoma vitabu vya mapishi kama mtu anavyosoma riwaya. Walilamba sahani. Na hawakuwa watu dhaifu wa tabia. Hawa ni watu waliokataa kushika silaha wakati wa vita, uthabiti walikuwa nao wa kutosha. Halafu njaa ikakoma, na hapa ndipo ninapotaka mtege masikio. Waliporuhusiwa kula watakavyo, wapo waliokula kalori 5,000 na kuendelea kwa siku, tumbo limejaa mpaka linauma, na bado wakasema wana njaa. Shahamu iliwarudi haraka kuliko misuli, ikapita kiwango ilichokuwa mwanzo. Uchambuzi uliofanywa baadaye wa takwimu zile ulionyesha kwamba njaa yao haikutulia mpaka misuli nayo iliporudi.

Mtaniambia: vijana wale walikuwa wembamba, sisi tuna akiba. Ni kweli, na mwenye akiba kubwa huvumilia zaidi. Lakini mlango wa kutokea ni uleule. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa New York walitangaza ugunduzi wa jeni ya homoni inayoitwa leptini, ambayo hutoka kwenye shahamu yenyewe na kuupelekea ubongo habari za ghala. Shahamu ikipungua, leptini hushuka, na ubongo husoma ujumbe mmoja tu: njaa imeingia nchini. Ubongo haujui kwamba unajiandaa kwa harusi. Watafiti wa Melbourne waliwafuatilia watu waliopungua kilo 13 na ushei kwa mlo mkali wa wiki 10, wakakuta kwamba mwaka mzima baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijarudi zilikokuwa, na watu wenyewe walikuwa bado na njaa zaidi kuliko kabla ya kuanza. Hayo yalichapishwa mwaka 2011.

Kevin Hall, aliyekuwa mtafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, aliipigia njaa hiyo hesabu. Alikadiria na wenzake kwamba kila kilo moja unayopoteza inaupunguzia mwili matumizi ya kalori 20 hadi 30 kwa siku, na wakati huohuo inaongeza hamu ya kula kwa kalori 100 hivi kwa siku. Aliyepoteza kilo 10, basi, anatumia kalori 200 hadi 300 pungufu kuliko zamani, na tumbo linamdai 1,000 zaidi. Kila siku. Jumapili pia. Ni kama mshahara usiopanda huku bei ya unga ikipanda kila mwezi: juhudi ni ileile, ila inanunua kidogo zaidi, mpaka siku inafika hainunui kitu. Siku hiyo kwa watu wengi huja karibu na mwezi wa sita au wa nane. Mizani inasimama. Na mtu anajiita mvivu.

Basi ninapomwona mtu aliyekwama wiki sita au nane, anakula vilevile, anatembea vilevile, na mizani haisogei, namwambia jambo ambalo wengi hawalitarajii. Hahitaji kutafuta mlo wa kulinda uzito wake mpya. Ndio anaoula. Kile chakula kidogo anachokiona cha muda, cha kuvumilia mpaka afike, ndicho chakula cha uzito huo, na hakuna kingine cha zamani kinachomngoja mbele. Hapo namuuliza swali moja: unaweza kula hivi ukiwa na miaka 70? Akisema ndiyo, amefika, atue tanga. Akicheka kicheko cha uchungu, basi uzito huo hawezi kuulisha, na busara ni kupanda kilo mbili au tatu kwa hiari yake, kwa mpango, akae mahali ambapo maisha yake yanaweza kumweka. Nafahamu kwamba baadhi ya wenzangu katika fani hawapendi nisemapo hivyo. Wao wanaona nawakatisha watu tamaa. Mimi nimewaona waliopanda kilo tatu kwa hiari, na nimewaona waliopanda 17 bila hiari, nikiwemo mwenyewe.

Kukwama ni dalili moja. Dalili nyingine huja mapema zaidi, na hizi hazingoji mizani. Mwanamke akikosa hedhi na hana mimba, aache kupungua siku hiyo, amwone daktari. Nywele zikidondoka kwa mafungu, mtu akihisi baridi wenzake wakijipepea, usingizi ukikatika saa tisa usiku kwa njaa, ndoo aliyokuwa akiinua sasa inamshinda, hapo misuli inaliwa. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya kula, kwa mtu anayepungua kwa kasi, yanaweza kuwa mawe kwenye nyongo, ambayo hupenda sana watu wa haraka. Na ipo dalili ya kichwani ambayo sisi huipuuza: mtu anapowaza chakula tangu anapofumbua macho, anapokataa kwenda kumtembelea shangazi kwa kuogopa sambusa, huyo anaishi Minnesota hata kama kwa macho ni mnene.

Na zipo dalili za heri, ambazo ndizo napenda mtu atulie tanga kwazo. Jaribio kubwa la Marekani la kuzuia kisukari, lililotoa matokeo yake 2002, liliwapa watu waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa huo lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Katika miaka mitatu hivi, hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58 ikilinganishwa na waliopewa ushauri wa kawaida na kidonge kisicho na dawa. Kwa mwanamke wa kilo 84, asilimia 7 ni kilo 6. Kilo 6! Watu wanazitupa wakidhani hazina thamani, kwa kuwa jirani bado hajaziona. Presha ikirudi mahali pake, sukari ya asubuhi ikiwa nzuri, daktari akipunguza vidonge, mtu akipanda ngazi bila kuhema, hizo ni taa za bandari.

Wengine hunijia na ile hesabu ya kilo kugawanya kwa urefu mara urefu, wakaniambia wana 27 na lazima wafike 24. Hesabu hiyo ilibuniwa na Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, mtu wa nyota na takwimu, aliyekuwa anamtafuta binadamu wa wastani. Hakuwa na mgonjwa mbele yake. Aliyeipa jina linalotumika leo mwaka 1972 ni Ancel Keys huyuhuyu wa Minnesota, naye aliiona inafaa kwa kupima makundi ya watu. Kwa mtu mmoja mmoja naipenda kamba zaidi. Chukua kamba ya urefu wako kutoka utosini hadi kisiginoni, ikunje katikati, izungushe tumboni usawa wa kitovu bila kuvuta pumzi. Ncha zikikutana, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu wako, na hapo ni pazuri. Kamba haihitaji betri.

Upande wa pili lipo kosa la kutua mapema mno, na hili kwetu husababishwa na watu. Huku kunenepa bado ni sifa: "Umenawiri, ndoa imekupenda." Kupungua ni tuhuma. Mtu anaingia ofisini na kilo tano pungufu, anapokelewa kwa sauti ya chini: "Shoga, umekonda, kwema?" Tusiwalaumu sana. Uganda miaka ya 1980, kabla watu hawajauzoea UKIMWI kwa jina lake, waliuita Slim, kwa sababu uliwamaliza watu mwili, na kumbukumbu hiyo ilivuka mipaka yote ya Afrika Mashariki. Mama mmoja muuza vitumbua wa mtaa wa Ngamiani aliacha dawa yake bora kabisa, yaani kutembea na kupunguza mafuta, kwa sababu wateja walianza kunong'ona. Tulikubaliana awaambie kwa sauti, kila asubuhi, akigeuza vitumbua: "Daktari kaniambia nipungue kilo nane, bado tatu." Minong'ono ikageuka ushabiki. Wakawa wanamuuliza bado ngapi. Alipofika alitangaza pia kwamba amefika, na hilo la pili naliona la maana kuliko la kwanza, kwani baada ya hapo hakuna aliyemtazamia aendelee.

Namna gani mtu atue? Polepole, na kwa kupima. Tuseme umekuwa ukipoteza nusu kilo kwa wiki. Kilo moja ya shahamu ina kalori 7,700 hivi, kwa hiyo upungufu wako wa kila siku ni kama 550. Hizo ndizo unazoweza kurudisha, na usizirudishe siku moja. Ongeza 100 kila wiki, kwa wiki tano. Mia moja ni nini? Ndizi mbivu moja. Nusu kikombe cha wali ulioiva. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kimekwishapita, hicho ni 120. Chapati moja ya mkono wa ukarimu inaweza kumeza wiki tatu za ratiba yako. Napendekeza mtu aanze kurudisha kwa maharage, dagaa, samaki na mayai, kwa ajili ya ile misuli iliyodhoofika, na ainue vitu vizito, hata kama ni madumu ya maji. Hili la kurudisha chakula polepole, wanaofunga Ramadhani wanalijua tangu utotoni. Bibi zetu hawakuturuhusu kuvamia sinia adhana inapolia: tende, maji, uji, swala, kisha ndipo mezani.

Sasa niwaonye kuhusu wiki ya kwanza, maana hapo ndipo wengi huzama wakiuona ufuko. Utaongeza chakula kidogo, na mizani itaruka kilo moja, pengine mbili. Utapiga kelele kwamba mwili umekusaliti. Tulia. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, yapata nusu kilo, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ulipokuwa unajinyima akiba ile ilipungua na maji yake yakaondoka. Ndiyo maana wiki yako ya kwanza ya kupungua ilikuwa ya ajabu. Sasa inarudi ghalani na maji yake. Kwa hiyo namba yako ya kulinda iandike baada ya wiki tatu au nne za kutua, usiiandike siku ile ulipokuwa mkavu.

Ukishaiandika, weka taa za barabarani. Rena Wing na wenzake walifanya hivyo Marekani na watu 314 waliokuwa wamepungua kwa wastani wa kilo 19, wakatoa matokeo mwaka 2006. Aliyekuwa ndani ya kilo 1.4 juu ya namba yake alikuwa kwenye kijani, alipongezwa. Akipita hapo, njano, aangalie anachokula. Akifika kilo 2.3, nyekundu, arudi kwenye mpango wa kupungua mara moja. Baada ya miezi 18, katika kundi lililotumiwa vijarida tu, asilimia 72 walikuwa wamerudisha kilo 2.3 au zaidi. Katika kundi lililokutana ana kwa ana, asilimia 46. Waliofanya vizuri walijipima kila siku. Kwetu wengi hawana mizani nyumbani, lakini yupo kijana wa stendi mwenye mizani yake, na lipo tundu la mkanda wa suruali, ambalo halijui kusema uongo. Mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, yatosha.

Waingereza walilitazama jambo hili kwa namna ninayoitamani kwetu. Katika jaribio lao la DiRECT, lililoongozwa na Mike Lean wa Glasgow na Roy Taylor wa Newcastle, wagonjwa wa kisukari walipewa mlo wa vinywaji maalumu wa kalori 825 hadi 853 kwa siku chini ya uangalizi wa vituo vya afya. Tarehe ya kutoka ilikuwa imeandikwa tangu siku ya kuingia: miezi mitatu, isizidi mitano. Kisha wiki mbili hadi nane za kurudisha chakula cha kawaida hatua kwa hatua. Kisha miadi ya kila mwezi. Mwaka mmoja baadaye asilimia 46 walikuwa hawana kisukari na hawatumii dawa zake. Baada ya miaka miwili, 36. Linganisheni na mashindano ya televisheni ya huko Marekani, ambamo watu walipungua mbio ili wapate zawadi. Hall aliwafuata 14 kati yao miaka sita baadaye. Walikuwa wamepoteza wastani wa kilo 58, wakarudisha 41, na miili yao ilikuwa inatumia kalori 500 hivi kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa. Pazia lilifungwa, wakaachwa palepale jukwaani.

Lililonishangaza kuliko yote lilitoka Stanford mwaka 2013. Michaela Kiernan na wenzake waliwagawa wanawake 267 makundi mawili. Kundi moja lilianza kupungua moja kwa moja. Jingine lilikatazwa kupungua kwa wiki nane. Lilijifunza kwanza kulinda uzito liliokuwa nao, kula harusini bila kuongezeka, kusafiri bila kuongezeka, kujipima bila hofu. Halafu nao wakapungua kwa wiki 20. Makundi yote yalipoteza kiasi kilekile. Mwaka mmoja baadaye waliojifunza kulinda kwanza walikuwa wamerudisha kilo 1.4 hivi, na wenzao zaidi ya 3. Kwa hiyo siku hizi mtu akinijia na shauku ya kuanza Jumatatu, namwambia akae miezi miwili hapo alipo bila kuongeza hata kilo moja. Wengine wanakasirika na kwenda kwa muuza chai za kukata tumbo. Waliobaki ndio ninaowaona barabarani baada ya miaka, wakanisalimia kwa furaha badala ya kuvuka upande wa pili.

Kutua tanga hakumkatazi mtu kutweka tena. Mwenye kilo 120 hawezi kumaliza safari kwa mkondo mmoja. Apungue kilo 12, akae miezi sita, mwili uzoee, ndipo aamue. Kule Australia, Nuala Byrne aliwapa wanaume wanene wiki mbili za kupungua na wiki mbili za mapumziko kwa zamu, na walipungua zaidi ya wale waliokazana wiki 16 bila kupumua. Ila mapumziko yao yalikuwa chakula kilichopimwa cha kulinda uzito. Hayakuwa ya pilau na biriani.

Kuhusu sindano mpya za kupunguza uzito nitasema kidogo, maana bei yake kwetu inajisemea. Katika jaribio moja la semaglutide, walioacha sindano walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka mmoja. Nazo pia zinahitaji siku ya kutua, na mtengenezaji hana haraka ya kuipanga.

Mtaniuliza ulinzi huu ni wa muda gani. Katika daftari la Marekani la watu waliopoteza angalau kilo 13.6 na kuzilinda mwaka mzima au zaidi, lililoanzishwa 1994, imeonekana kwamba aliyevuka miaka miwili hadi mitano hatari yake ya kurudi hupungua sana. Basi hesabuni miaka miwili, si wiki mbili.

Kabla sijapokea maswali, nina ombi kwa baadhi yenu. Mnaotumia insulini, au vidonge vya kisukari vinavyolisukuma kongosho, au dawa za presha, msiende nyumbani mkapunguza chakula kesho asubuhi kwa sababu yangu. Dozi iliyopimwa kwa kilo 90 inaweza kumwangusha mtu wa kilo 80, na sukari ikishuka usiku hakuna wa kukuamsha. Mwoneni daktari kwanza, mwambieni mnataka kupungua, na mwambieni pia mtaacha lini.